Mama Yetu Alilala Jikoni

Mimi nauza mitumba sokoni Migori, na mdomo wangu unajulikana kuanzia kwa wauza viatu hadi kwa akina mama wa dagaa wa omena. Sijivunii, lakini msamaha pia siombi. Mdogo wangu ndiye mpole. Kwa hivyo shemeji aliponipigia simu kutoka kwao karibu na Oyugis, akasema mke wake anapigia watu kelele, nilimwambia labda amekosea mke.

"Ni yeye, shemeji," akasema. "Tangu ajifungue halali. Anasema mtoto alibadilishwa. Anasema huyu si wake."

Nilifunika nguo zangu kwa turubai nikaenda. Nilimkuta ameketi kitandani, macho makavu, anatazama mlango. Mtoto alikuwa kwa mama mkwe wake, kwa sababu asubuhi hiyo mdogo wangu alikuwa amemlaza nyuma ya nyumba, juani, ati mwenye mtoto aje amchukue. Akaniambia polepole, kwa ile sauti yake ya siku zote, "Dada, waambie wanirudishie mtoto wangu. Huyu nitamfanya nini?" Haki, niliogopa. Nilimwogopa mtu niliyemlea mgongoni.

Boma lilikuwa limejaa watu, na kila mtu alikuwa na jibu. Kwetu Waluo, mama mwenye boma ndiye anayefungua upanzi; mkaza mwana hatii hata punje ardhini kabla yake. Mdogo wangu, akiwa mjamzito, alikuwa amefukia maharagwe kidogo nyuma ya nyumba mvua ilipoanza, kabla mama mkwe hajashika jembe. Basi ikawa hiyo ni chira, laana ya kuvunja mwiko, na chira dawa yake ni manyasi, mitishamba inayochemshwa ikanywewa na nyumba nzima.

"Maharagwe!" nikasema. "Yawa! Mtu anamkana mtoto wake na nyinyi mnaongea maharagwe?"

"Wewe hapa ni mgeni," mama mkwe akanijibu. "Punguza sauti."

Sikupunguza. Nilimwambia shemeji kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, alete blanketi la mtoto twende hospitali ya Homa Bay. Akamtazama mama yake, akanitazama mimi, kisha akaenda kuleta blanketi.

Benchi la kliniki ya akili watu hulipita haraka haraka. Mwanamke mmoja ninayemjua sokoni aliniona pale, akajifanya anasoma simu. Nikamsalimia kwa nguvu ili ajue nimemwona. Daktari, msichana mdogo tu, alitusikiliza mpaka mwisho. Alisema huu ni ugonjwa unaowashika baadhi ya wanawake baada ya kuzaa, si wa kupuuzwa hata kidogo, lakini dawa iko. Wakamlaza wodini. Shemeji alilia palepale kwenye korido bila kujificha, nami nikampa leso yangu ajipanguse.

Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, daktari alitoa masharti. Anywe dawa kila jioni, alale usiku mzima, asiachwe peke yake na mtoto, na awe na mtu anayemwamini wa kulala naye chumba kimoja. Nani huyo? Mdogo wangu akasema neno moja tu: "Mama."

Hapo tukakwama. Kwetu mama hawezi kulala nyumbani kwa mume wa binti yake. Ni aibu kubwa, na boma lile lilikuwa tayari linatafuta miiko iliyovunjwa. Nilimpigia Mama simu nikamfokea. Nikamwambia asipokuja, mtoto atapelekwa kwa shangazi ya shemeji akalelewe huko, na binti yake hatampata tena, maana hayo yalishaanza kusemwa. Mama aliniacha niseme hadi nikaishiwa.

"Nakuja," akasema. "Nitalala nje."

Na kweli alikuja, akatandika mkeka wake uani, nyuma ya nyumba. Nilikasirika nusura nipasuke. Mama mkwe alimtazama kwa muda. Kisha akaingia jikoni kwake, kile kijumba cha udongo kilicho kando, akaanza kutoa kuni na masufuria.

"Mama mwenzangu," akasema, "jiko hili ni langu, si la mwanangu. Humu hakuna mwiko. Lala na binti yako." Halafu akanigeukia. "Na manyasi nitachemsha hata hivyo."

Nilifungua mdomo. Mama akanikanyaga mguu.

Manyasi yalichemshwa, tukanywa sisi wengine huku nimekunja uso. Mdogo wangu alikunywa vidonge vyake. Alianza kulala. Dawa zikamnenepesha, mikono ikawa inamtetemeka, akaongea kidogo, lakini mtoto hakumtaja wala hakumgusa. Kila nilipokwenda nilikuta ni mama mkwe anayemnywesha maziwa kwa kikombe. Shangazi yule alikuwa ameshaulizia nguo za mtoto. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na hofu tupu kwamba ametupotelea.

Asubuhi moja niliwakuta jikoni, Mama amempakata mtoto karibu na moto. Mdogo wangu alikuwa ameinama, anamtazama sikio.

"Hili sikio ni la baba yetu," akasema. "Mama, huyu ni wangu."

"Ni wako, nyathina," Mama akasema, yaani mwanangu, akamsogezea. "Shika basi."

Akarudisha mikono yake nyuma kama mtu aliyeunguzwa. Machozi yakamtoka, ya kwanza tangu ajifungue.

"Nilimlaza juani. Nilimwacha pale nikarudi ndani. Usinipe, Mama. Bado sijiamini." Akamshika Mama kwenye nguo, akaing'ang'ania. "Usinipe, lakini msimpeleke mbali."