Mama Mkwe Ananiita Tafadhali Bonyeza

Msimamizi wa ukurasa, pokea salamu zangu za heshima. Ninaomba jina langu lihifadhiwe, ingawa majirani zangu wakisoma watatambua mara moja ni nani anayezungumza.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tisa, mkazi wa Temeke, mume na baba wa mtoto mmoja. Sikubahatika kuendelea na masomo baada ya darasa la saba. Kiswahili sanifu nilijifunza kwa kusikiliza taarifa za habari na kuyarudia maneno peke yangu. Lugha hiyo ndiyo iliyonipatia kazi. Ninarekodi kioo cha simu huku nikieleza kwa sauti namna ya kutumia programu fulani, kisha wenye programu huiweka video hiyo mtandaoni. Kila hatua huianza kwa kusema, "Tafadhali bonyeza." Akina mama wengi wameniandikia kunishukuru kwamba wameelekezwa bila kufokewa.

Hivi karibuni nilipewa programu ya kuagizia gesi ya kupikia. Simu yangu ilikuwa imepasuka kioo, nikamwomba mke wangu yake, naye akanipa. Nilijifungia chumbani, nikarekodi, nikatuma. Macho yangu yalikuwa chini, kwenye kitufe cha kijani. Kilichoshuka juu ya kioo sikukiona.

Watazamaji walikiona. Mmoja aliandika, "Mwalimu, gesi tumeielewa. Rudisha nyuma uangalie juu, halafu pole." Nikarudisha. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa "Mama", yaani mama mkwe wangu: "Huyo Tafadhali Bonyeza ameshamaliza kuongea na simu? Akitoka nishtue nije. Leo sina nguvu za salamu zake za redioni."

Ndugu wasomaji, huyo ni mama ambaye sijawahi kumwamkia nikiwa nimeketi.

Niliomba video ifutwe, ikafutwa, lakini watu walikwisha kuisambaza. Sasa hata muuza chipsi wa mtaani kwetu hunisogezea chupa na kusema, "Tafadhali bonyeza tomato, braza."

Nilitarajia kuombwa radhi. Badala yake mama mkwe alinipigia simu kwa ukali: "Mkwe gani anamwanika mama mkwe wake mtandaoni? Kwenye kikoba, wenzangu tunaowekeana akiba wananicheka mpaka leo. Ulifanya makusudi." Mke wangu akamchukua mtoto, wakaenda kwa mama yake Mbagala. Nilipowafuata, nikamweleza mke wangu kwamba aliyekosea ni mama yake, kwa kunibandika jina la kejeli. Alinijibu huku akikunja nguo za mtoto:

"Usimsingizie mama. Hilo jina nilianza mie. Unaongea na sie humu ndani kama unatangaza. Tumechoka."

Mimi ninayelipwa kwa maneno nilivaa viatu vyangu, nikarudi nyumbani peke yangu.

Sharti lao ni kwamba nirekodi video ya kumwomba mama radhi, kwa sauti yangu ileile, nayo isambazwe kama ilivyosambaa ya kwanza. Nikikataa, mke wangu harudi, na mtoto anabaki huko.

Nimeiweka simu mbele yangu mara kadhaa na kushindwa. Je, niombe radhi kwa kutukanwa, au nimwache mwanangu akue katika nyumba ambamo baba yake ni jina la utani? Ninyi mngekuwa mimi, mngeamua nini? Mwishoni hapa nilikuwa nimeandika "tafadhali". Nimelifuta.