Madoa ya Zambarau

Miaka ya vita, chuo kikuu kilipofungwa, masomo yangu yote ya biolojia yalibaki kwenye hindi moja kavu. Nilikuwa nimelitoa Yanonge, kijiji cha chini ya mto, kabla mitumbwi haijaacha kupita: punje nyeupe zenye madoa ya zambarau, hakuna mbili zilizofanana.

Mwalimu wetu alikuwa ametueleza. Ndani ya urithi wa kila punje kuna vipande vinavyohama. Kipande kikijipachika katikati ya jeni la rangi, rangi inazimika. Kikichomoka punje ikiwa bado inakua, rangi inawaka tena: kikitoka mapema doa linakuwa kubwa, kikichelewa ni kitone tu. Vingine haviondoki, vinatuma nakala zikakae kwingine. Vimo katika uyoga, katika samaki, ndani yetu. Karibu nusu ya urithi wetu imetokana navyo, na vingi vilikufa ganzi kabla hapajawa na mtu duniani. Kimoja mababu zetu walikifuga, wakiwa bado samaki. Leo ndicho kinachousaidia mwili kuitambua homa usiyowahi kukutana nayo. Siku ile darasani niliweka kalamu chini, nikasikiliza tu.

Nilitaka kupanda punje zangu nione kama madoa yatarudi. Nikalitundika hindi juu ya moshi wa jiko la mama, mtaani Mangobo, kati ya mbegu zake. Lakini nilikuwa nimelimenya maganda yote ili nihesabu madoa.

Mabomu yalipotulia, mama mdogo alitufikia na watoto wake sita, wakikimbia kutoka mtaa wa Tshopo. Nilirudi kutoka kisimani nikakuta hindi langu limepukuchuliwa, limelowekwa kwenye beseni.

"Mama, hiyo ilikuwa mbegu yangu."

"Mbegu inabakiaka na maganda yake. Yenye iko uchi ni ya kula. Bon, kule chuo hawafundishe?"

Mama mdogo alicheka hadi akashika ubavu. Nikachutama kando ya beseni, nikawaeleza yote. Mama alisikiliza, mkono ndani ya maji.

"Donc, basi vinahama bila kuaga, na ndani yangu viko?"

"Viko, Mama."

"Sawa na hawa watoto wa dada yangu."

"Sisi tuliaga," mama mdogo akasema. "Ni bomu haikungoja."

Mama akanisogezea beseni. "Kamata mukono moja tu. Watoto iko na njaa."

Nilijaza kiganja. Niliwatazama wale sita mkekani, nikarudisha nusu.

Nilizipanda siku ileile, nyuma ya jiko. Zilipokomaa, mama mwenyewe ndiye aliyevunja hindi la kwanza. Palikuwa na punje nyeupe tupu, za madoadoa, na chache za zambarau nzima. Aliigusa moja ya hizo kwa ncha ya kidole.

"Hapa kale kapande kaliondoka?"

"Kaliondoka kabisa."

"Na chenye kiko ndani yangu, sasa kinaenda wapi?"

Nikamwambia hakuna ajuaye, hata mwalimu. Akaligeuza hindi polepole juani, akaniomba nimwonyeshe doa kubwa kuliko yote.