Wasukumaji wa Bradoki ya Mjomba Salehe

Wenzangu mliozaliwa enzi ambazo gari moja lilitosha mtaa mzima, sogeeni karibu. Ninyi mtanielewa. Hawa wajukuu wetu wa hapa Johannesburg nikiwaambia kwamba gari liliwahi kuwa na watoto kumi na mmoja wa kulisukuma, kila mmoja na mahali pake pa kushika, wananitazama kama ninawasimulia habari za majini.

Nakumbuka mtaa wetu wa Morogoro, ule wa juu, karibu na mlima. Asubuhi ilikuwa na harufu zake: moshi wa kuni, vitumbua vya Bi Mwajuma, udongo uliolowa umande. Na juu ya harufu zote hizo, petroli. Kwa sababu mtaani kwetu kulikuwa na Bradoki.

Vijana hawaijui Bradoki. Lilikuwa gari la Kimarekani, na kampuni yake imeshakufa zamani. Ilimezwa na nyingine kubwa zaidi, na hiyo nyingine nayo sijui imemezwa na nani. Magari yale yalikuja melini vipande vipande kutoka Marekani, yakaunganishwa huku huku Afrika Kusini, usukani ukawekwa kulia, ndipo yakapanda hadi kwetu. Haya sikuyajua utotoni. Aliniambia marehemu mume wangu, siku za kwanza za kujuana kwetu, alipokuwa mkimbizi wa siasa pale Morogoro. Nilipoitaja Bradoki alisimama kutoka kitini.

"Mwanaidi, wewe unaijua Bradoki?"

Kumbe kwao, lokesheni, yaani mitaa ya Waafrika huku Afrika Kusini, Bradoki ndiyo iliyobeba maharusi Jumamosi, na siku za kazi ilikuwa teksi ya kuwaleta watu mjini, sita sita, wamebanana na mikoba yao. Tukazungumza gari mpaka chai ikapoa. Nawaambia, kuna waliooana kwa kuandikiana barua. Sisi tulianzia kwenye karbureta.

Ya kwetu ilikuwa na rangi mbili, juu maziwa, chini kijani cha jani la mpera. Puani ilikuwa na kichwa cha farasi cha nikeli, ingawa Rajabu, mwenzetu wa mtaani, alishikilia mpaka anaoa kwamba yule ni mbuzi. Kiti cha mbele kilikuwa kimoja, kirefu kama kitanda, na gia ilikaa kwenye usukani. Mjomba wangu Salehe, karani wa stoo kwenye shamba la mkonge, aliinunua kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Ilikunywa petroli kama ngamia aliyevuka jangwa, na mjomba akikuta watu wanalisema gari lake kwa ajili hiyo, alijibu, "Mgeni wa heshima hanyimwi kinywaji."

Mji mzima ulikuwa na Bradoki tatu: ya mjomba, ya daktari wa Kihindi, na ya mapadri wa misheni. Zikikutana barabarani, wenyewe walisimama hapo hapo katikati ya njia, wakafungua boneti, wakaanza kulinganisha. Bi Hawa, mke wa mjomba, alikuwa akisema, "Hawa wanaume watatu wameoa ukoo mmoja." Ya mapadri ilipokufa, mjomba na daktari waligawana vipuri vyake kama mirathi. Mjomba alipata milango miwili na rejeta, daktari akapata taa. Walitendeana haki kuliko ndugu wengi ninaowajua.

Basi, nilipokuwa na umri wa miaka saba hivi, stata ikafa. Na stata ya Bradoki huipati dukani kwa Popati, muuza vipuri wa mjini. Tangu hapo gari likawa la kusukuma. Mjomba akaacha kuegesha gari kama watu wengine. Alilitafutia mteremko. Akialikwa harusini, swali lake la kwanza halikuwa nani anaolewa. Aliuliza uwanja umekaaje.

Nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini majina hayanipotei. Nyuma kwenye bampa walishika Hamisi mtoto wa fundi cherehani, Rajabu, Kulwa na Doto, Mbaraka, na Selemani wa Bi Mwajuma. Kushoto walikuwa Pius na dada yake Skolastika, watoto wa mwalimu. Kulia, upande wa dereva, Asumini, Zaituni na mimi. Mjomba alikaa ndani na shati lake jeupe, mguu kwenye klachi, akapaza sauti, "Bismillahi!" Nasi sote tukaitikia, pamoja na Pius na Skolastika ambao Jumapili walikuwa kanisani, na baba yao mwalimu alikuwa akisimama dirishani anacheka mpaka anafuta miwani. Gari likateremka, likakohoa, likatema moshi mweusi, likashika. Hapo mjomba alipunguza mwendo nasi tukajitosa ndani, wengine kwa mlango, wengine kwa dirisha. Ujira wetu ulikuwa lifti hadi mzunguko wa barabara, karibu na shule, na shule ilikuwa karibu na stesheni ya treni.

Sasa niwaambie kwa nini lifti ile ilikuwa roho yangu. Mama yangu, Tatu, dada mdogo wa mjomba, aliuza mihogo ya kukaanga pale stesheni. Alikuwa ameolewa mara ya pili na mpagazi wa reli ambaye mjomba hakumtaka, na ndugu wale wawili walikuwa hawasemezani. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye mtoto, kwa hiyo mimi nilibaki kwa mjomba. Hakuna aliyenikataza kumwona mama. Ila kutoka mtaa wa juu hadi stesheni kwa miguu ni mbali, na asubuhi nilikuwa na ndoo za maji za kuchota, mchana na mwisho wa wiki kazi nyingine za nyumbani. Kwa miguu ningefika kengele imeshalia. Kwa Bradoki nilifika mapema, wenzangu wakaenda kucheza rede, mimi nikakimbia stesheni. Mama alinikalisha kwenye kigoda chake kando ya karai, akanisuka. Muda ulitosha msuko mmoja tu, basi, maana treni ikiingia wateja wanamjaa. Jumatatu mmoja, Jumanne mmoja, hadi Ijumaa nusu ya kichwa imeshasukwa.

Bi Hawa aliona. Jioni moja alisema, "Salehe, hebu mtazame mtoto huyu. Nywele zake zinajisuka zenyewe." Mjomba hakuinua macho kwenye gazeti.

Halafu Jumamosi moja mjomba akaja na sanduku dogo la mbao kutoka Dar es Salaam. Ndani, kwenye makaratasi yenye grisi, ilikuwa stata ya Bradoki. Akaiweka mezani kama maandazi ya Idi. "Hawa," akasema, "kuanzia Jumatatu hakuna kusukumana. Watoto wapumzike miguu. Mimi nitaondoka alfajiri, kimya kimya, nipitie njia ya chini moja kwa moja hadi shambani."

Watu walifurahi. Hakuna aliyenitendea ubaya, ilikuwa ni heri tupu. Lakini mimi nilihesabu vidole, nikaona sitamwona mama mpaka sikukuu.

Jioni ile, wakubwa walipokuwa wanaswali, niliichukua ile stata. Weee, ilikuwa nzito kama mtoto wa miezi sita. Nikaifunga kwenye kanga kuukuu nikaizika kwenye pipa la pumba za kuku.

Jumapili fundi Ngoma akaja na spana zake. Sanduku likafunguliwa, hamna kitu. Mtaa ukajaa. Mtu akasema Hamisi anapenda vyuma, na kweli Hamisi alikuwa anakusanya misumari na bolti. Baba yake hakuuliza mara mbili. Akachukua rula yake ya kupimia nguo, ile ya mbao nene, akamshika mkono.

"Wallahi si mimi, Baba! Wallahi naapa!"

"Utaapa baadaye. Geuka!"

Hapo miguu yangu ikaenda yenyewe. Nilikwenda kwenye pipa nikaitoa ile stata, imejaa pumba, kuku wananifuata nyuma, nikaiweka miguuni pa mjomba.

"Kwa nini, Mwanaidi?"

Nilikuwa nimekusudia kusema sijui, kama watoto wote. Ikatoka nyingine. "Gari likiwaka lenyewe, Mjomba, mama nitamwona lini?"

Mjomba alinitazama, kisha akatazama kichwa changu, misuko mitano upande mmoja na upande wa pili nywele zimetimka. Bi Hawa akasema taratibu, "Si nilikuambia, Salehe."

Hakunipiga. Aliniambia nimwombe Hamisi radhi, nikamwomba, naye Hamisi akasema nitamchotea maji wiki nzima, na nilimchotea. Kisha mjomba akamgeukia fundi. "Ifute pumba, uifunge."

Ikafungwa. Mjomba akazungusha ufunguo mara moja tu, gari likanguruma. Mtaa mzima ukapiga makofi. Mimi nilikuwa jikoni nalia, nasingizia moshi.

Jumatatu niliamka mapema kuliko siku zote, nichote maji upesi, nijaribu kwenda kwa miguu. Nilipotoka nje na ndoo, Bradoki ilikuwa pale pale kwenye mteremko. Mjomba amekaa ndani na shati lake jeupe, vioo ameteremsha.

"Mnachelewa ninyi! Wasukumaji wako wapi?"

Rajabu akaja anapikicha macho. "Mjomba, si limepona?"

"Stata za Dar es Salaam ni za kubahatisha. Leo imegoma. Shikeni bampa."

Tukashika. Mimi nilikuwa kwenye dirisha lake. Niliona vizuri kwamba ufunguo hakuujaribu hata kidogo. Akaniona ninaona. Akasema kwa sauti ya chini, "Tazama mbele, msukumaji." Kisha kwa sauti ya juu, "Bismillahi!"

Na siku ile hakusimama kwenye mzunguko. Alikwenda mpaka mlango wa stesheni, akatushusha pale, akateremka na yeye, akavua kofia, akasimama mbele ya karai la mama. Mama alimwona viatu. Hakuinua kichwa.

"Tatu, nipe mihogo."

"Ya kula hapa au ya kufunga?" kama anasema na mteja yeyote.

"Ya kula hapa."

Akakalia kile kigoda changu, magoti yamefika kidevuni, akatafuna. "Chumvi kidogo," akasema.

"Kakaange yako."

Mjomba akacheka kwanza. Mama alijitahidi kununa, akashindwa, akacheka na yeye. Mimi nilisimama hapo na mfuko wangu wa madaftari, na kengele ya shule ikalia, na mwalimu alinipa adhabu ya kufagia, na nilifagia naimba.

Tulilisukuma gari lile mpaka nikavunja ungo, na baada yangu wakasukuma wadogo zetu. Kila asubuhi stata imegoma. Mjomba alipofariki, mfanyabiashara mmoja wa Kilosa akainunua ile Bradoki, akaja na fundi wake. Fundi alifungua boneti, akachungulia, akainuka na mshangao. "Gari lenyewe zee, lakini hii stata mbona kama haijatumika?" Bi Hawa, na eda yake, alicheka mpaka kanga ikamwanguka kichwani.

Sasa niko Rosettenville na wajukuu, namshukuru Mungu, sina ninalolilia. Mjukuu wangu Lwazi ana gari zuri. Linawashwa kwa kitufe, lina ubaridi ndani, linazungumza, na njia ya kwenda Marshalltown linaijua kuliko mimi. Mwezi uliopita betri ililala hapo hapo mlangoni kwetu, na mtaa wetu una mteremko mzuri kabisa, mjomba angeupenda. Nikakunja kanga. "Haya, tusukume."

"Eish, Gogo, hii haisukumwi. Ni otomatiki." Akakaa ndani, akabonyeza simu, tukamngoja mtu wa bima kwa muda wa saa mbili. Mama Bijou, jirani yetu Mkongomani, alitoka na wanawe wawili wenye mikono kama ya wabeba mizigo. "Bibi, tusaidie?" Nikamwambia hakuna kazi. Wakasimama kidogo, wakatutakia heri, wakarudi ndani. Mtu wa bima akaja, akaunganisha waya, gari likawaka, Lwazi akasema sharp, ndiyo asante yao, akaondoka peke yake, vioo juu.

Nawatazama asubuhi pale kwenye robot, taa za barabarani wanaziita hivyo huku, gari nyuma ya gari, kila moja na mtu mmoja ndani, viti vinne vitupu. Magari yao hayasumbui, na mimi nafurahi hayasumbui, maana magoti yangu hayawezi tena. Ila wana magari mazima ya mtu mmoja mmoja, na sisi tulikuwa na bovu moja, tukaenea wote.