Kuku Aliyemeza Jino la Bibi

Daktari alipofungua dawa ya kugandishia kofia ya jino langu, harufu yake ya karafuu, kama ya mdomo wa bibi, ilinirudisha uani kwake, kule Nyamisangura.

Siku ile wageni walikuwa wanakuja kumposa shangazi. Bibi alikuwa akitafuna hindi la kuchoma, mara kofia ya dhahabu iliyofunika jino lake la mbele ikachomoka. Kuku mwekundu akaimeza. Aliyemwona ni mimi tu, ila kuku wekundu wa bibi walikuwa wanne.

"Ni yupi?" bibi akauliza, mkono mdomoni.

"Huyu. Au yule."

"Wachinjwe wote! Sitokei mbele za watu na kisiki hiki."

Tulipasua firigisi zote, tukapata mchanga mtupu. Shangazi alilia, akamsihi bibi mpaka akakubali kutoka, midomo kaifunga.

Mzee wa wageni alipoona sinia la minofu, akasimama. "Mama, hatujapokelewa hivi popote. Tunaongeza ng'ombe wawili!"

Bibi akasahau kisiki, akacheka mdomo wazi.

Wakati huohuo kuku mwekundu wa tano, wa jirani, akapita mlangoni, taratibu. Nikamtazama, nikaamua kunyamaza.