Rili Nyekundu ya Mjomba Twalib

Harufu ya mafuta ya cherehani ikinipata, popote nilipo, hunijia hamu ya samaki. Juzi nilipita mlangoni kwa fundi wa nguo huko Nanyuki, mji niliofika bila sababu ya maana, nikasimama pale nikinusa mpaka akaniuliza kama nimeleta suruali.

Lawama zote ni za Mjomba Twalib. Alikuwa akitengeneza cherehani Majengo, Pumwani, kwenye kibaraza cha nyumba ya bibi yangu, na alikuwa akimpenda Bi Rukia, mjane wa Naivasha aliyekuja kila wiki kuwauzia samaki wakaangaji wa mtaani kwetu. Siku moja, katika kutafuta la kusema, mjomba alimwambia kwamba yeye ni damu ya wavuvi wa Lamu. Babu yake alitoka Lamu, hilo ni kweli. Lakini yeye mwenyewe alizaliwa Majengo, na maji makubwa pekee aliyowahi kuingia yalikuwa ya Mto Nairobi, tena kwa kuteleza.

"Mvuvi?" Bi Rukia alisema, akijifunga leso kiunoni. "Basi njoo ziwani kwetu, Fundi. Ukivua besi mmoja mbele ya macho yangu, nitayasikiliza hayo maneno yako mengine."

Besi ni samaki mwenye mdomo mpana kama mfuko wa sokoni, na hakubali kuvuliwa ovyo. Maneno mengine yalikuwa ya posa. Mtaa mzima ulijua.

Asubuhi moja ya likizo mjomba akaniambia nivae viatu. Nilimuuliza tunakwenda wapi, akanijibu kwamba miguu itatuambia. Miguu ikatupeleka Gikomba, kwa Mama Njeri, aliyeuza vile vitu vya mitumba ambavyo hakuna aliyejua kazi yake: viatu vyenye magurudumu, kofia za kuendeshea farasi, na siku hiyo, fimbo mbili za kuvulia samaki. Juu ya kila fimbo ilikaa rili, kimashine cha kukunjia uzi, imejikunyata kama chura. Moja nyeusi, nzito, imechubuka. Nyingine nyekundu, inang'aa kama mdomo wa bibi harusi.

"Nataka moja ya kazi zote," mjomba alisema. "Chambo kidogo, chambo kikubwa, besi, kambare."

"Kastoma wangu, hizi zinashika samaki yote," Mama Njeri alijibu. "Hata mwizi ukimrushia, anarudi. Lakini chukua hiyo nyeusi. Mwenye alikuwa nazo alikuwa anatumia hiyo peke yake."

Mjomba hakununua kitu kwa maneno. Aliisogeza rili nyeusi sikioni, akalizungusha gurudumu lake kwa kidole, vile alivyopima cherehani za watu. Likazunguka kidogo, likakoroma, likasimama.

"Hii ina pumu."

Ile nyekundu ilizunguka, ikazunguka, ikinong'ona kama mtu anayesali. Ubavuni ilikuwa na kitufe kidogo chenye namba. Ukikikaza, gurudumu linapunguza mwendo. Mjomba alikitazama kwa huruma. "Unaona? Hiki kinaikaba koo." Akakilegeza chote, akatoa mfukoni kikopo chake cha mafuta ya cherehani, akaidondoshea kila penye upenyo. "Sasa inapumua."

Mimi nilikuwa mtoto wa maswali. Nikamuuliza kwa nini aliyeitengeneza aliweka kitu cha kuikaba mashine yake mwenyewe.

"Wazungu," mjomba alisema, "wanapenda vifungo."

Tulifika Naivasha jua likiwa utosini. Bi Rukia alitupokea ufuoni akiwa na kisu cha kuparia samaki, na vijana wa bodaboda wakaacha pikipiki zao waje kumwona mvuvi wa Lamu.

"Mzee, rusha pole pole, usigonge kiboko!"

Mjomba akapiga bismillahi, akarusha. Chambo, chura wa plastiki, kiliruka hatua chache, kikaanguka kwenye tope. Lakini gurudumu halikuwa na habari. Liliendelea kuzunguka kwa furaha yake yote, na uzi ukafumka, ukachemka kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni, ukajifunga juu ya rili na kuwa kichaka.

"Amevua wigi!" kijana mmoja alipiga kelele.

Bi Rukia akaja, akakigusa kile kitufe. "Hii ni breki. Nani ameilegeza? Bila hii, gurudumu linaukimbia uzi." Akamnyooshea kisu. "Kata, urushe tena."

"Siwezi kukata uzi mzima, Bi Rukia."

"Uzi si ukoo, Fundi. Kata!"

Akakataa. Akakaa juu ya jiwe, akaanza kuufumua. Nilitamani kulia. Samaki walikuwa wakirukaruka mbele yetu, na kila dakika niliona harusi inazama. Vijana walichoka kucheka, wakaenda kutafuta abiria. Bi Rukia naye akakaa, akashika upande mmoja wa uzi.

"Haya, niambie. Lamu kukoje?"

Mjomba alivuta fundo jingine. "Sijui. Sijawahi kufika."

Bi Rukia alicheka mpaka kisu kikamwanguka. Kisha wakaongea, kuhusu marehemu mumewe, kuhusu bibi yangu, kuhusu kahawa nzuri inapatikana wapi, hadi adhana ya magharibi. Uzi ulikuwa bado umeshikana.

"Magari ya Nairobi yamekwisha," Bi Rukia alisema akisimama. "Kwa kaka yangu kuna chumba, mtalala huko. Na hayo maneno mengine mwambie yeye. Mimi nimeshayasikia."

Nililala nikiamini tumeshindwa, kwa sababu samaki hakupatikana.

Miaka ikapita, nikaacha shule, nikawa nakaa kibarazani kwa mjomba kabla sijaanza kutangatanga. Hapo ndipo nilipoona kazi yake hasa. Washonaji walimletea cherehani zilizosongwa na uzi tumboni, mafundo madogo kuliko punje ya mchele, naye aliyafumua bila kutazama, akibishana kuhusu mpira, chai yake ikiwa bado moto. Nikajiuliza ni nini kiliishika mikono ile siku ya Naivasha, adhuhuri mpaka magharibi.

Nikamfuata Bi Rukia jikoni, akimenya vitunguu. "Ulijua kwamba alikuwa anachelewesha makusudi?"

"Mwanangu," alisema bila kuinua macho, "na mimi upande wangu nilikuwa naufunga upya."