Siku Bomba Lilipopasuka na Pudini Iko Motoni

Siku ya kupasuka bomba naikumbuka, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka harusi yangu. Harusini nilipambwa, nikaambiwa inuka nikainuka, kaa nikakaa. Siku ya bomba nilikuwa na akili zangu zote, na moyo wangu ulishaihama nyumba hata kabla ya miguu.

Nakusimulia kwa sababu nimekutazama siku hizi. Unashika simu, mara unajifunza keki za Kizungu, mara unamtazama mtu akibadilisha koki ya choo, mara umesimama mlangoni unaangalia njia. Sikucheki. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Nilikuwa mke wa Hamad, hapa hapa Pemba, mtaa huu wa Jadida. Hamad alikuwa amekwenda Tanga kufanya kazi ghalani, nami nikabaki na mavyaa wangu, mama yake, Bi Mize. Alikuwa mjane, mtu wa maneno machache na tasbihi ndefu. Mwanzo Hamad alikuwa akileta salamu kila meli. Baadaye zikawa za kupitia kwa watu, kisha zikakatika. Mtoto sikuwa naye. Majirani walikuwa wakiniuliza habari za mume wangu kwa sauti ile ya mtu anayeuliza na jibu analo.

Basi nikawa sikaliki. Nilikuwa nikifagia ua uliokwishafagiliwa. Kitanda leo nakisogeza ukuta huu, kesho ukuta ule. Nilianza kushona kofia ya viua, nikaiacha kabla haijafika nusu. Kuku anayetafuta pa kutagia ana utulivu kunishinda.

Kilichonituliza kidogo ni mapishi ya Mama Neema. Huyo alikuwa mwalimu kutoka bara, Mkristo, amepanga nyumba ya pili kutoka kwetu. Alisomeshwa na watawa wa Kizungu, na huko jikoni kwao alijifunza vitamu vyao. Alinifundisha chapati nyembamba za maji zinazokunjwa na jamu ndani. Jamu hatukuwa nayo, nikapika ya matunda ya mabungo, ikawa bora. Alinifundisha na pudini ya mayai. Unaunguza sukari mpaka iwe rangi ya asali, unaimimina chini ya kopo, juu yake unatia mayai na maziwa yaliyokorogwa taratibu bila kutoa povu, kisha unaliweka kopo ndani ya sufuria ya maji na kulipalia moto wa makaa juu ya kifuniko. Maji yasichemke kwa fujo, la sivyo pudini inatoboka kama sifongo. Mimi nikaongeza hiliki, maana kitamu bila hiliki kwetu ni chakula cha hospitali.

Bi Mize hakuwahi kuionja. Alikuwa akisema mayai yake huyataka na chumvi.

Sasa ikatokea shule ya Mama Neema inapokea wageni, nikaombwa nipike pudini za kuwakirimu. Nilifurahi, lakini furaha yangu ilikuwa na jambo chini yake. Nilikuwa nimekata shauri kwamba nikishazipeleka pudini, ninapanda meli ya kwenda Unguja kwa shangazi yangu, na huko namtumia Hamad salamu anipe talaka yangu. Mkoba nilikuwa nimeshaufunga na kuusukuma mvunguni mwa kitanda. Bi Mize sikumwambia. Nilijidanganya kwamba namhurumia.

Asubuhi hiyo makopo yote yalikuwa motoni, jikoni kunanukia. Chini ya sinki kulikuwa na kiungo cha bomba kilichokuwa kikivuja tone tone tangu mvua za masika, tukikiwekea bakuli. Methali ya ufa na ukuta unaijua, sina haja ya kukurudishia. Maji ya mfereji yalipokuja kwa nguvu, kiungo kile kilichooza kwa kutu kikapasuka. Maji yakaruka mpaka ukuta wa pili.

Nilipiga magoti nikakiziba kwa mkono, yakatokea kati ya vidole. Nikaziba kwa kanga. Nikakimbilia stoo, nikakata kipande cha mpira wa tairi la baiskeli kama nilivyowahi kumwona fundi akifanya, nikakizungusha. Maji yakakisukuma kikatoka. Kila nikiziba hapa yanachomoza pale. Nikamtuma mtoto wa jirani amwite fundi, akarudi kusema fundi amevuka kwenda kisiwa cha Kojani mazikoni. Na huku nyuma maji yanatambaa kuelekea jiko la makaa, na pudini za watu ziko juu yake. Mshika mbili, mwanangu, moja humponyoka. Mimi siku ile zilikuwa tatu, maana na meli nilikuwa nikiiwaza.

Nikaanza kulia. Si kwa ajili ya bomba.

Bi Mize alitoka chumbani kwake, akasimama mlangoni, maji yakimpita miguuni. Alinitazama kitambo. Akageuka akatoka nje, na nilikasirika sana, nikaona huyu mwanamke ameniachia hata hili.

Kisha maji yakapungua. Yakawa uzi. Yakakoma.

Nilipochungulia uani nilimwona amechutama kando ya ukuta, jembe pembeni, mikono imejaa udongo mpaka kwenye viwiko. Alikuwa amefukua koki kuu, ile inayofunga maji yanapoingia nyumbani. Ilikuwa imefukiwa na mchanga miaka mingi, na mimi sikujua kama ipo. Yeye alikuwepo ilipochimbiwa.

Akarudi ndani, akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akaniambia, "Unapigana na maji yanapotokea. Huulizi yanakoingilia."

Nikafuta machozi, nikadhani tunazungumza habari za bomba.

Tulifanya kazi pamoja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, basi nikalala chali kwenye sakafu iliyolowa, yeye akinishikia taa. Nilikikausha kiungo kwa kitambaa, nikakwangua kutu, nikakizungushia ule ule mpira uliokuwa ukinikatalia, nikiuvuta kwa nguvu, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia. Kisha nikaufunga kwa waya na kuukaza kwa koleo. Bi Mize akaenda kufungua koki nusu, kisha yote. Hapakutoka hata tone. Ulikuwa mpira ule ule na mikono ile ile. Kilichobadilika ni kwamba maji yalikuwa yamefungwa kwanza.

Nilikuwa bado niko chini ya sinki aliposema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mkoba wako nnauona tangu juzi."

Sikutoka. Niliona afadhali kuzungumza na bomba.

"Sikukatazi kwenda," akasema. "Nami nilikuwa mke wa mtu asiyekaa nyumbani, nnajua nyumba inavyokuwa. Lakini nambie, nini kinachokutoa? Ni mimi?"

Nikamwambia si yeye.

"Ni Hamad?"

Hapo ndipo niliposema nisilowahi kulisema hata peke yangu. Nilimwambia kwamba sijui kama nina mume au sina, na kwamba kutojua huko ndiko kunakonihangaisha. Ningejua ameniacha, ningelia nikanyamaza. Ningejua anarudi, ningengoja. Lakini sijui, na kila ninachokishika kinaniunguza. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeyaficha yangu kwa ufagio na kofia na mapishi.

Nikatoka mwenyewe chini ya sinki kumtazama Bi Mize. Alikuwa akilia bila sauti. Akaniambia na yeye hajui mwanawe yuko katika hali gani, na alikuwa akiona haya kuniuliza kama nina habari. Wanawake wawili chini ya bati moja, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye mwenye jibu.

Mchana ule hatukungoja. Alivaa buibui lake, tukaenda kwa mfanyabiashara mmoja mwenye simu na jamaa huko Tanga, na Bi Mize akamwambia mwanawe atafutwe mpaka aonekane. Kuhusu pudini, makopo ya nyuma yaliingiwa na maji yakaharibika. Yaliyosalimika Mama Neema aliyapeleka kwa wageni na kuwakatia vipande vidogo vidogo. Katika yale yaliyoharibika Bi Mize alichukua kijiko akaonja. Akasema sukari imeungua. Nikamwambia ndivyo inavyotakiwa iwe. Akaendelea kula mpaka akakwangua kopo.

Meli ya siku ile iliondoka bila mimi.

Hamad alipatikana. Ghala lilifungwa zamani, alikuwa akilala kwa rafiki, na aliona haya kurudi mikono mitupu, akaona heri anyamaze. Alikuja amekonda. Mama yake alimkaripia mbele yangu, kisha akamkaripia tena faraghani. Mimi nilimwambia maneno mawili tu: kwamba umaskini wake ningeuvumilia, ukimya wake siuwezi. Tukakaa, tukagombana, tukasuluhiana. Baadaye tuliondoka kweli, tukaishi Tanga miaka kadhaa nikiuza vitamu vyangu, lakini niliondoka kwa mlango wa mbele, na Bi Mize ndiye aliyenibebea mkoba mpaka bandarini. Alipougua nilirudi kumuuguza, bila kuitwa na mtu.

Sasa, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Sikwambii usiondoke Pemba, wala sikwambii uache keki zako na mafunzo ya mabomba. Mkono unaojua kazi hauombi. Ninakwambia kwamba kwenda mbio si kufika. Moyo ukikuhangaisha, usikimbilie kuuziba kwa kazi mpya, mji mpya, mtu mpya. Kaa chini kwanza ujiulize huzuni hii inaingilia wapi, na ukishapajua pataje kwa mdomo wako, kwa mtu anayehusika. Usimwogope mkubwa kwa kuwa amenyamaza. Huenda na yeye anakungoja uanze. Na ukiona njia yako ni kuondoka, ondoka mchana, ukiaga.

Mola akupe riziki isiyokutawanya na moyo unaojua unachokitaka. Popote utakapolala, ulale kwa amani, na utakaowaacha nyuma wakutaje kwa kheri. Amin.