Mashimo Makavu na Visiki vya Mikaratusi

Wiki iliyopita nilisimama kwenye ploti ya jirani yetu hapa Ruring'u, mwalimu mstaafu anayetaka kujenga nyumba ya kuzeekea na mkewe. Mhandisi alikuwa amekuja kukagua ardhi kabla ya kuchora ramani. Alionyeshwa bomba la maji linapopita na nguzo ya stima, kisha akachimbisha mashimo matatu kuona kama kuna maji chini. Yote yalikuwa makavu.

"Hapa ni pazuri, mwalimu. Nyumba itakaa hapa chini," akasema, akifunga daftari.

Mama yake mwalimu, aliyekuwa akiambua maharagwe, aliinuka akaenda kuweka kiganja juu ya kisiki cha mkaratusi.

"Hii miti mlikata lini?"

"Mwezi jana, Mami. Tulikuwa tunasafisha ploti."

"Na unajua baba yako alipanda ya nini?"

Mwalimu akatikisa kichwa.

"Hapa ilikuwa shamba ya nduma, na nduma haikui bila maji. Maji ilikuwa inafika hapa," akagusa goti. "Alipanda hii miti ndio ikunywe hiyo maji. Sasa mmeua wanywaji, ati ni pakavu?"

Mhandisi alicheka, halafu akaacha kucheka. Akafungua daftari tena.

"Cucu," akamwita kama nyanya yake, "maji ilikuwa inatokea wapi?"

"Sasa ndio umeanza kupima."

Ramani itangoja mashimo yachimbwe upya baada ya mvua. Mimi nilirudi nyumbani nikaandika, mti kwa mti, nani alipanda nini hapo kwetu na kwa nini. Sababu ya mparachichi ulio nyuma ya jikoni hakuna aliyeijua, na tangu siku hiyo nautazama kwa heshima.